Kidirisha cha Shimo la Malisho

Jumatatu, 26 Mei

Wamekubali! Wiki tatu mimi, mtaalamu wa mifugo wa mradi, nimepiga domo kwenye uwanja wa shule kama muuza dawa ya mende, na leo hatimaye kaya kumi na tisa zimeinua mikono. Tutachimba shimo moja kubwa la pamoja. Tutakata mabua ya mahindi yakiwa bado mabichi, tutayakatakata, tutayashindilia shimoni na kuyafunika hewa isipite. Kiangazi kitakapopamba moto na malisho yote kukauka, ng'ombe watakula sileji, yaani mabua hayo yakishachachuka vizuri, kutoka shimoni humo.

Mwenyekiti wa kikundi alitaka kujua, kwa utaratibu, nani ataanza kuleta mabua. Kila kitu kwake ni kwa utaratibu, hata kupiga chafya, ndiyo maana kimoyomoyo namwita Bwana Utaratibu. Kila mtu akawa anamwangalia jirani yake. Ndipo mama mwenye nyumba wangu akasimama kule nyuma.

"Mimi nitaleta yote."

"Yote, Mama?" nikamuuliza. "Bakiza kidogo nyumbani, ya tahadhari."

"Anayefundisha si ni mwanangu? Nibakize ya nini?"

Watu walicheka, mkutano ukachangamka, na wengine wakafuata. Mama huyu ni mjane, nimepanga chumba chake cha uani mwaka wa pili sasa. Ana ng'ombe mmoja tu, Bibiye, anayetembea kwa maringo kana kwamba njia yote ni yake. Bibiye ana mimba, atazaa Novemba. Ndama huyo Mama anamsubiri kuliko wengine tunavyosubiri mshahara.

Alhamisi, 29 Mei

Mashine ya kukatia mabua imefika. Mkanda wake umekatika mara mbili. Fundi anasema ni mpya, imechoka njiani.

Jumamosi, 31 Mei

Tumejaza shimo! Sina mgongo tena, lakini lazima niandike.

Tulianza alfajiri. Wanaume walimwaga mabua kwa matoroli, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka tulilinyunyizia molasi, ule uji mweusi wa kiwanda cha sukari, kisha tukaviringisha juu yake pipa lililojaa maji ili hewa itoke. Wanawake walikanyaga kwa miguu. Mama Pacha, mwenye mdomo kuliko wote kikundini, alikuwa anakanyaga huku akitaja wanaume waliowahi kumuudhi, mmoja kwa kila hatua. Tulicheka mpaka mwenyekiti akatuomba tucheke kwa utaratibu.

Mara kumi nzima niliwarudia somo: "Adui wa sileji ni hewa. Tukishafunika, hakuna kugusa mpaka siku ya kulisha." Wakaitikia kama darasa la kwanza.

Kasheshe ikaja kwenye kufunika. Nailoni ilipungua. Hatua nne za mwisho wa shimo zikabaki wazi, na hakuna duka lililokuwa wazi. Mama alikwenda nyumbani, akarudi amejitwisha turubai lake la kuanikia mahindi, zito, lina kiraka kimoja alichokishona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Nililikagua nikaridhika, kiraka kilikuwa kimebana kuliko mshono wa kiwandani. Tukalitandika, tukalipandishia ukingo wa nailoni, tukafukia udongo juu.

Mama amekosa pa kuanikia mahindi yake. Nilipomwambia, alijibu kwamba mkeka upo.

Jumapili, 1 Juni

Mwili wote unauma, hata kope.

Jumanne, 24 Juni

Bosi amekuja kutoka makao makuu, bila taarifa, na mpiga picha. Anataka kuona sileji.

"Ni siku ya ishirini na nne tu," nikamwambia. "Haitakiwi kuguswa."

"Nitapeleka picha ya kichuguu cha udongo? Mradi usio na picha haupo, dada."

Nikafikiri haraka. Upande wa nailoni ungetusumbua, lakini turubai linainuka kirahisi. Tulitoa udongo kidogo kwenye kona, tukainua turubai, tukapata nafasi ya kuingiza mkono. Jamani, harufu! Tamu na chachu kwa pamoja, kama maziwa yaliyoganda vizuri. Bosi alinusa, akapigwa picha ananusa, nami nikapigwa picha pembeni yake nikitabasamu kama bibi harusi. Tukafunga.

Mwenyekiti alikuwapo, ameshika kofia yake mkononi. "Mtaalamu, si ulisema hakuna kugusa?"

"Hiki ni kidirisha tu, mwenyekiti. Ukifungua kidogo na kufunga haraka hakina neno."

Akasema sawa. Mimi ndiye mtaalamu.

Ijumaa, 11 Julai

Wakulima thelathini wa kata jirani wamekuja kujifunza. Kidirisha tena. Kila mmoja alitaka kushika, mkono mmoja mmoja. Nimepigiwa makofi. Sikujua kwamba makofi yanalevya.

Jumatano, 16 Julai

Jua. Umande umekwisha kabisa.

Alhamisi, 24 Julai

Mwandishi wa gazeti. Kidirisha. Alitaka nichote sileji kwa mikono miwili na kuirusha hewani, mara tatu, maana mara mbili za kwanza nilikuwa nimefumba macho.

Jioni Mama aliniuliza kama turubai lake bado linafaa. Nikamwambia bila hilo turubai tungekuwa tumekwisha. Alifurahi sana, akampelekea Bibiye habari zile zizini kana kwamba anaongea na mke mwenza.

Jumatano, 13 Agosti

Leo alikuja bosi wa bosi, mtu mzito, viatu vyeupe. Tuliambiwa saa tatu, tukafungua kidirisha saa tatu kasorobo ili asisubiri. Amefika saa saba. Kona ilikaa wazi muda wote huo juani, na niliona mvuke ukitoka. Nikajiambia ni joto la mchana. Alipoondoka tulikimbilia chakula cha wageni, udongo ukarudishwa kwa haraka haraka, sikumbuki kama kuna aliyeukanyaga.

Amenipa mkono. Amesema mimi ni mfano wa kuigwa.

Jumamosi, 23 Agosti

Mto umebaki madimbwi. Mama Pacha ameuza mbuzi wawili. Wote wananiuliza swali lile lile, lini tunafungua shimo. Najibu kwa madaha kwamba subirini tarehe moja.

Jumatatu, 1 Septemba

Sijui nianzie wapi. Mwandiko huu si wangu.

Walikuja wote, kaya zote kumi na tisa, kila mtu na karai lake. Wengine walikuja na watoto waone. Mwenyekiti alikuwa amewapanga mstari, mama mjane wa kwanza kwa kuwa ndiye aliyeanza kuleta mabua. Mama alivaa gauni lake la kwenda mjini. Kwa ajili ya mabua! Tulianza kufungua upande wa turubai kwa sababu ndiko tulikozoea.

Jembe la tatu lilipotoa udongo, harufu ikatoka. Viatu vilivyolowa vikasahaulika kabatini mwezi mzima hunuka hivyo. Watoto walikimbia. Nikasema labda ni juu tu, tabaka la kwanza, huwa inatokea. Tukainua turubai.

Ukungu mweupe. Chini ya ukungu, weusi, unateleza kama makamasi. Nilipoingiza mkono nikautoa mbio, ndani kulikuwa na moto kabisa. Tukachimba hatua moja mbele, uozo. Hatua ya pili, uozo. Nilikuwa najisikia nasema "endeleeni, endeleeni" kwa sauti ambayo sikuitambua. Tulivuka nusu ya shimo ndipo tukaona kijani, tukasikia ile harufu njema. Zaidi ya nusu ya chakula cha ng'ombe wa kaya kumi na tisa imegeuka sumu. Ng'ombe mwenye mimba akila uozo ule, mimba huweza kutoka.

Hakuna aliyelia. Heri wangelia. Walisimama tu na makarai yao.

Mama Pacha ndiye aliyeanza. "Hebu angalieni jamani. Kwenye nailoni ni kijani. Uozo umeanzia wapi? Si kwenye hili dude lenye viraka?"

Watu wakalisogelea turubai. Mmoja akaligeuza kwa mguu. Kiraka kikaonekana.

"Kwa utaratibu," akasema mwenyekiti. "Tusihukumu, mtaalamu tunaye hapa." Akanigeukia. "Mtaalamu, ni turubai?"

Wote wakaniangalia. Mama pia. Nilijua. Nilijua tangu lile jembe la tatu. Hewa haikupita kwenye kiraka, ilipita kwenye mkono wangu, mara nne, na mara ya nne iliingia asubuhi nzima. Nilifungua mdomo kusema hivyo, na kilichotoka ni hiki:

"Inawezekana."

Neno moja. Nilishtuka kulisikia, kana kwamba limesemwa na mtu aliyesimama nyuma yangu.

Mama alikaa chini palepale, juu ya udongo, na gauni lake la mjini. "Nisameheni wenzangu," akasema. "Nilikishona mwenyewe kile kiraka. Nilidhani kimebana. Nisameheni, nimewaponza."

Na mimi nilisimama pale, nimeshika kalamu ya kuandikia mgawo.

Jumanne, 2 Septemba

Jua. Sijasema.

Jumatano, 3 Septemba

Nimempigia bosi simu nikamweleza yote, vidirisha, mvuke, kila kitu. Nilitaka anigombeze. Akasema, "Andika changamoto za vifaa. Nailoni haikutosha, ikatumika mbadala isiyo na ubora. Si ndivyo ilivyokuwa?" Nikamwambia sivyo. Akasema ripoti inatakiwa Ijumaa.

Nimeshangaa jinsi alivyosema kirahisi, kama mtu anayechagua soda. Halafu nikajishangaa mimi, maana nilipokata simu nilihisi nafuu.

Ijumaa, 5 Septemba

Jua. Nimeandika ripoti. Sijasema.

Jumapili, 7 Septemba

Mgawo ni karai moja badala ya tatu. Mama hachukui hata hilo moja. Mwenyekiti amemwekea, amelikataa: "Wale kwanza niliowaharibia." Anatoka asubuhi na panga, anarudi mchana na majani ya michongoma aliyoyachambua miiba kwa vidole. Vidole vyenyewe sitaki kuvieleza.

Bado ananiletea chai. Ananiambia nimekonda, nile.

Jumatano, 10 Septemba

Jua. Sijasema.

Jumamosi, 13 Septemba

Mkutano. Mwenyekiti amesoma muhtasari: "Chanzo cha hasara ni turubai bovu, kwa mujibu wa mtaalamu." Kwa mujibu wa mtaalamu! Nilisema inawezekana, na sasa limeandikwa kwa wino.

Mama Pacha alitaka Mama aondolewe kwenye kikundi msimu ujao. Namfahamu mwanamke huyu kwa mzaha wake, nilimpenda kwa mdomo wake, na leo mdomo uleule ulinitia baridi. "Huruma yake imetutia umaskini," alisema. "Angekaa na tambara lake nyumbani, tungeacha wazi tukatafute nailoni kesho yake." Wachache waliguna. Wengine waliangalia pembeni. Bwana Utaratibu, ambaye nilimdhania ni mtu wa rula na daftari tu, alisema kikundi hakitamfukuza mtu aliyetoa alichokuwa nacho, na kama kuna anayetaka kura, atangulie yeye kuonyesha alichotoa siku ile. Hakuna aliyetaka kura.

Nilikuwa na nafasi. Pengine dakika tano nzima. Nilizitumia kukata kucha kwa meno.

Jumatano, 17 Septemba

Jua. Bibiye amelala zizini mchana kutwa. Hana maringo tena.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimerudi kutoka kuwafundisha wa kata jirani kukausha majani ya viazi na kuyahifadhi kivulini, nikasikia kitu kinapasuka nyuma ya nyumba. Nikamkuta Mama amepanda kwenye ngazi, anang'oa nyasi za paa la banda la kuku. Nyasi za miaka mitatu, nyeusi kwa moshi na kinyesi cha ndege. Anazipepeta, anazinyunyizia maji ya chumvi, anampa ng'ombe.

"Mama, hizo hazina chakula ndani yake."

"Zina kutafuna, mwanangu. Akitafuna, anasahau kidogo."

Mwanamke mzima anang'oa paa lake kwa sababu ya neno langu moja. Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani. Jumapili nitamwambia, kabla hajaenda kanisani.

Jumapili, 21 Septemba

Aliondoka mapema.

Huo ni uongo. Nilimsikia anaondoka, nikajifanya nimelala. Nimefika pa kudanganya hata daftari langu!

Alhamisi, 25 Septemba

Barua kutoka makao makuu. Nimealikwa kwenye semina tarehe mbili mwezi ujao, nikaeleze mafanikio ya shimo la pamoja. Mafanikio. Nimeisoma mara tatu nione kama wamekosea jina.

Jumatatu, 29 Septemba

Jua. Sijasema. Nimeshapanga: Jumamosi tarehe nne, kwenye mkutano, mbele ya wote. Kwa hiyo si kwamba nakwepa. Nina tarehe.

Jumatano, 1 Oktoba

Naandika ndani ya basi, samahani kwa mwandiko.

Asubuhi nilikuwa nafunga begi. Mama akaja mlangoni, hakuingia. Alikuwa ameshika kikombe cha chai ya rangi. Akaniuliza, taratibu kabisa:

"Mwanangu, kweli ni turubai langu?"

Nilikuwa nimeinama, nafunga zipu. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Basi litaniacha, Mama," nikasema. "Tutaongea nikirudi."

Akasema haya, safari njema. Akaniwekea kikombe dirishani.

Ni siku tatu tu. Jumamosi iko palepale.

Alhamisi, 2 Oktoba

Ukumbi wenye baridi ya mashine, maji ya chupa kwa kila mtu. Nilionyesha picha kumi na moja. Ile ya kurusha sileji hewani walitaka niirudie. Mtu mmoja mbele akauliza changamoto zilikuwa zipi. Akilini nikamwona Mama juu ya ngazi, nikasema: "Uhaba wa nailoni."

Wamenipa cheti. Kina mhuri wa dhahabu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Zizi ni tupu.

Nimefika saa kumi jioni. Niliingia uani nikiwa na begi mkononi, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kamba ya Bibiye, imekunjwa vizuri, imetundikwa ukutani. Nilifikiri amempeleka mtoni. Kisha nikakumbuka mto hauna maji.

Mama alikuwa anafagia zizi. Alikuwa anafagia mahali pasipo na kitu, taratibu, mpaka pembeni.

"Jana ilikuwa mnada," akasema bila kuuliza nimeona nini. "Alikuwa ameanza kushindwa kusimama. Nikasema nimpeleke wakati anaweza kutembea mwenyewe, asiburuzwe."

"Na ndama, Mama?"

"Nilimwambia mnunuzi ana mimba. Akasema atamfuga." Akaendelea kufagia. "Lakini aliniambia huku anamwangalia mapaja."

Sikujua kwamba mtu anaweza kushtuka akiwa tayari anajua kila kitu. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, cheti kikiwa ndani ya begi. Mama akaniambia nimechoka na safari, nikapumzike.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimesema.

Sikusubiri ajenda. Mwenyekiti alipokuwa anafungua kikao nilisimama nikamkata kauli, jambo ambalo kwake ni sawa na kuvunja kiti. Nikasema yote mfululizo, bila kupumua, nisije nikapata nafasi ya kutafuta neno laini. Turubai halina kosa. Shimo nimeliharibu mimi. Nililifungua mara nne kwa ajili ya wageni na picha, mara ya mwisho tangu saa tatu hadi saa saba, na kila nilipofungua nilijua somo langu mwenyewe. Siku ya kwanza ya Septemba nilijua, nikasema inawezekana. Ripoti niliyoandika ni ya uongo, na kesho kutwa naandika nyingine, wafanye watakavyo.

"Lakini wewe mwenyewe ulituambia kidirisha hakina neno," akasema mwenyekiti polepole. Hakuwa ananishtaki, alikuwa anajaribu kuelewa. "Nilikuwapo. Nilikuuliza."

"Uliniuliza. Nilikujibu nilichotaka kiwe kweli."

Nilimsubiri Mama Pacha. Nilikuwa nimejiandaa kwa mdomo wake, nautamani hasa, nilitaka mtu anipige kwa maneno mpaka nipungue. Hakunitazama. Aliinuka, akapita katikati ya watu na mwili wake mkubwa, akaenda kupiga magoti mbele ya mama mwenye nyumba wangu. "Mama, nisamehe mdomo wangu. Niliita turubai lako tambara. Nisamehe." Ilimchukua muda gani? Chini ya nusu dakika. Mimi ilinichukua siku thelathini na tatu.

Bwana Utaratibu alifungua daftari. Alisema muhtasari uliokosewa husahihishwa mbele ya walewale uliosomwa kwao. Akaandika, akasoma kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake: "Turubai la mama halikuwa na kosa. Kosa ni la mtaalamu, amekiri mwenyewe." Akaomba mikono. Iliinuka yote, mmoja mmoja, mpaka mkono wangu. Wa Mama tu haukuinuka. Alikuwa anaangalia chini.

"Mama, hujainua," mwenyekiti akamwambia kwa upole.

"Mwezi mzima nimejua kosa ni langu," akasema. "Nipeni muda kidogo nizoee."

Waliamua mambo mengine, nami niliyasikia kwa mbali. Msimu ujao hakuna shimo kubwa, kila kaya itashindilia kwenye mifuko yake na kuikalisha ndani ya nyumba yake, na mgeni akitaka kuona ataonyeshwa mfuko umefungwa. Mtu akapendekeza nifukuzwe. Mwingine akasema tukimfukuza nani atatufundisha hiyo mifuko, na hapo kuna waliocheka, kicheko kifupi kisicho na raha. Nimebaki, kwa kuwa natakiwa kazini. Sijui kama hiyo ni adhabu au huruma.

Tulirudi nyumbani mimi na Mama, yeye mbele, mimi nyuma. Njia nzima nilikuwa natafuta neno. Tulipofika uani nikapiga magoti kwenye vumbi kama alivyofanya Mama Pacha, nikaanza, "Mama, nisamehe," na yeye akaniinulia kiganja ninyamaze. Alikuwa na swali, na nikaona kabisa kwamba amelibeba tangu mkutanoni.

"Jumatano nilikuuliza."

"Ndiyo, Mama."

"Pale mlangoni. Ulikuwa unafunga begi."

"Ndiyo."

"Ulinisikia?"

Ningeweza kudanganya. Hata hapo, baada ya yote, lile neno laini lilikuja mpaka kwenye ulimi.

"Nilikusikia, Mama."

Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayehesabu. "Mimi nilijiambia hukunisikia," akasema. "Njia nzima ya mnadani nilikuwa namwambia Bibiye, yule mtoto ana haraka zake, hakunisikia. Angenisikia angenijibu."

Akaingia jikoni, akafunga mlango.